Havana Katika Miezi ya Kimya

Watu wa pwani yetu hawana haja ya kufundishwa kwamba mwaka wa bahari si mwaka wa kalenda. Babu zao walihesabu majira kwa kaskazi na kusi. Kaskazi ilipovuma, majahazi yaliwasili kutoka Arabuni na Bara Hindi, maduka yakajaa bidhaa na nyumba zikajaa wageni. Kusi iliposhika, wageni walitweka matanga wakaenda zao, na mji ukabaki na wenyewe. Hata neno letu msimu latokana na neno la Kiarabu la majira ya safari, na neno hilo hilo ndilo lililowapa Wazungu jina la pepo hizo. Basi, msomaji, nikikualika twende kuutazama mji wa kisiwa ulio mbali, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, nakuomba uchukue maarifa hayo uliyorithi. Usiniulize kwanza mji huo una majumba gani. Niulize una misimu gani.

Mji wenyewe ni Havana, mji mkuu wa Kuba, wenye watu wapatao milioni mbili. Umekaa katika pwani ya kaskazini ya kisiwa, kusini kidogo tu ya Tropiki ya Kansa. Kuanzia Novemba hadi Aprili hewa yake ni kavu na ya kupendeza, na wageni kutoka nchi za baridi huenda huko kuikimbia theluji. Mwezi wa Mei mvua huanza. Joto huzidi, hewa hujaa unyevu, ngurumo husikika alasiri, na tangu tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba huhesabiwa kuwa majira ya vimbunga. Hapo wageni hupungua, vyumba vya kulala hupatikana kwa bei nafuu, na waandishi wa vitabu vya wasafiri huiita miezi hiyo msimu wa utulivu. Nami nakushauri uuzuru mji huu wakati huo huo. Sisemi hivyo kwa ajili ya bei. Nasema kwa sababu mambo makubwa ya Havana yametukia katika miezi hiyo zaidi kuliko katika ile mizuri, na ule uonao wewe kuwa utulivu ulikuwa kwa wenyeji wakati wa kuchungulia mbingu, wa kuzika watu, na wa kulala na njaa.

Yafaa uingie mjini kwa njia ya bahari, hata kama ni kwa mawazo tu. Bandari ya Havana ina umbo la kibuyu: shingo nyembamba, kisha tumbo pana lililozungukwa na nchi kavu pande zote. Merikebu ikishapita shingoni hailioni tena wimbi. Kwa sababu ya kibuyu hicho Wahispania, ambao walikuwa wameujenga mji wao kwanza kwenye pwani ya kusini, waliuhamishia hapa mwaka 1519. Lakini mahali pazuri kwa rafiki ni pazuri kwa adui pia. Mwezi wa Julai 1555 haramia wa Kifaransa, Jacques de Sores, aliuteka mji akauchoma moto. Tangu hapo Wahispania wakaanza kujenga kwa mawe. Juu ya jabali la kushoto, uingiapo, wasimama mpaka leo Morro, ngome iliyoanzwa mwaka 1589.

Itazame ngome hiyo vizuri, kwa maana ina ndugu yake Mombasa. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593, miaka 4 tu baada ya Morro. Mhandisi wa Morro, Battista Antonelli, alikuwa Mtaliano. Na mchoraji wa ramani ya Fort Jesus, Giovanni Battista Cairati, naye alikuwa Mtaliano. Mfalme wao alikuwa mmoja: Felipe wa Pili wa Hispania, ambaye tangu mwaka 1580 aliitawala Ureno pia. Mtu mmoja, ambaye hakupata kuiona Mombasa wala Havana, aliziwekea bandari hizo mbili makufuli kwa wakati mmoja, moja kwa ajili ya njia ya Bara Hindi na moja kwa ajili ya fedha ya Amerika.

Fedha hiyo ndiyo iliyoifanya Havana kuwa mji. Kila mwaka merikebu zilizochukua fedha ya Meksiko zilikuja kutoka Veracruz, na zile zilizochukua fedha ya Peru zilikuja kutoka Panama na Cartagena. Zote zilikutana Havana, zikatia maji, zikatengenezwa, kisha zikaondoka pamoja kuelekea Hispania, zikisukumwa na mkondo wa bahari upitao kati ya Kuba na Florida. Maadamu merikebu zilikuwapo, mji ulichangamka: wenye nyumba walipangisha vyumba, wanawake walifua na kupika, wauza nyama walipata bei waliyoitaka. Zilipoondoka, kimya. Kila nahodha alijua kwamba ilimpasa kuondoka kabla ya Agosti, kwa sababu baada ya hapo mlango wa Florida huwa kaburi. Wataino, wenyeji wa kwanza wa visiwa hivyo, ndio waliowapa Wahispania neno la kimbunga, na neno hilo limeingia katika lugha nyingi za Ulaya. Kwao Wazungu hawakuwa na kitu cha kulifananisha nalo.

Kujua ni kitu kimoja, na kuondoka kwa wakati ni kitu kingine. Fedha ilichelewa kutoka milimani, makarani walichelewa kuihesabu, na mfalme mwenye vita na madeni hakutaka kusikia habari ya kungojea hadi mwaka ujao. Mwaka 1622 merikebu 28 zilitoka Havana tarehe 4 Septemba. Siku ya pili yake kimbunga kiliziangukia. Katika merikebu iliyoitwa Nuestra Señora de Atocha walikuwamo watu 265. Wakaokoka watano, waliong'ang'ania kipande cha mlingoti, na wawili kati ya hao watano walikuwa watumwa. Shehena yake kubwa ilikaa chini ya bahari hadi mwaka 1985, wapiga mbizi walipoipata. Mwaka 1715 jambo lilikuwa lile lile: kundi la merikebu lililokuwa limecheleweshwa kwa muda mrefu na vita liliondoka tarehe 24 Julai, na kabla ya alfajiri ya tarehe 31 merikebu 11 zilikuwa zimevunjika kwenye pwani ya Florida. Watu zaidi ya 1,000 walikufa. Mimi naona kwamba hapana aliyewaua watu hao kwa upepo peke yake. Waliuliwa pia na barua za madai zilizoandikwa Madrid na watu wasiopata kuiona bahari ya Septemba.

Juu ya mnara wa ngome iitwayo Real Fuerza, ambayo ni ya kale kuliko Morro, utaona sanamu ndogo ya shaba ya mwanamke, inayogeuka kwa kufuata upepo. Iliundwa katika miaka ya 1630 ili mabaharia waone kutoka gatini upepo watokako. Wenyeji huiita Giraldilla, nao husimulia kwamba ni mfano wa Isabel de Bobadilla, mke wa Hernando de Soto. Mumewe aliondoka Havana mwaka 1539 kwenda kuitafuta dhahabu ya Florida, akafa mwaka 1542 kando ya mto Mississippi, na mkewe, wasema, alipanda mnarani kila siku kumtazamia. Hadithi hiyo haina uthibitisho, maana mnara wenyewe haukuwapo bado. Lakini kwamba watu wa Havana walichagua kuweka juu ya mji wao mwanamke anayengoja na kutazama upepo, hilo ni kweli, na lasema mengi. Sanamu uionayo leo ni nakala. Ile ya asili iliangushwa na kimbunga cha tarehe 20 Oktoba 1926, nayo imehifadhiwa chini ya paa.

Sasa nitakaa kidogo juu ya mwaka 1762, kwa kuwa sijui mwaka mwingine unaoonyesha wazi zaidi jinsi msimu uwezavyo kupigana vita.

Mwezi wa Januari mwaka huo Uingereza ilitangaza vita juu ya Hispania, na mara moja ikakusudia kuiteka Havana. Meli zipatazo 200, chini ya Amiri George Pocock, zikiwa na askari wapatao 12,000 wa jemadari Albemarle, zilitokea mbele ya mji tarehe 6 Juni. Gavana wa Kihispania, Juan de Prado, alishtuka, kwa maana hakuamini kwamba mtu mwenye akili angeanza kazi kama hiyo mwanzo wa majira ya homa. Akafunga shingo ya bandari kwa mnyororo na kwa kuzamisha manowari zake tatu, na kwa tendo hilo akazifungia ndani manowari zake nyingine, zisiweze kutoka kupigana. Hata hivyo hakuwa mpumbavu kabisa. Shauri la Wahispania lilikuwa ni kustahimili. Ikiwa Morro ingesimama majuma machache tu, basi homa ya manjano na vimbunga vingemaliza kazi iliyobaki.

Na shauri hilo nusura lifaulu. Morro imejengwa juu ya jabali tupu. Waingereza hawakuweza kuchimba mahandaki, ikawapasa kujenga kinga kwa magogo na matawi. Mwanzoni mwa Julai kinga hizo, zilizokauka kwa jua, zilishika moto, na kazi ya siku nyingi ikawa jivu. Maji ya kunywa yaliletwa kutoka mbali. Kisha watu wakaanza kuanguka: kichwa, mgongo, homa, macho kugeuka rangi ya manjano, na mwisho kutapika damu nyeusi. Wenyeji wengi wa Havana walikuwa wamepata ugonjwa huo utotoni, na aliyekwisha kuupata hashikwi tena. Lakini kijana aliyetoka jana katika shamba la Uingereza hakuwa na kinga yoyote. Mwisho wa Julai wagonjwa walihesabiwa kwa maelfu, na Albemarle angalishindwa, kama askari wengine wasingalifika kutoka Amerika ya Kaskazini tarehe 28. Siku mbili baadaye Waingereza waliwasha baruti waliyoichimbia chini ya ukuta wa Morro, wakaingia. Kamanda wa ngome, Luis de Velasco, alipigwa risasi akitetea bendera yake, akafa siku ya pili, na hata adui zake walimheshimu. Mji ukajitoa tarehe 13 Agosti.

Walioshinda walipata nini? Kufikia katikati ya Oktoba, Waingereza waliouawa vitani au kwa majeraha walikuwa karibu 560. Waliokufa kwa maradhi walikuwa karibu 4,700. Zile nyara ziligawanywa kwa kufuata cheo: Pocock na Albemarle walipata kila mmoja zaidi ya pauni 122,000, askari wa kawaida, yule aliyenusurika, alipata pauni 4 na kidogo. Mwezi wa Februari 1763 mkataba wa amani ulitiwa sahihi Paris, na Havana ikarudishwa kwa Hispania, ikibadilishwa kwa Florida. Waingereza waliukalia mji kwa muda wa miezi 11 hivi. Wahispania waliporudi walijenga juu ya kilima cha nyuma ya Morro ngome kubwa sana, Cabaña, iliyomalizika mwaka 1774. Kutoka ngome hiyo mzinga hupigwa mpaka leo kila usiku saa tatu, kama ulivyopigwa zamani kutangaza kufungwa kwa malango ya mji. Wahispania walipata somo la mizinga. La homa hawakulipata, wala Waingereza hawakulipata.

Aliyelipata alikuwa daktari wa Kikuba, Carlos Finlay. Tarehe 14 Agosti 1881, katika chumba cha Chuo cha Sayansi cha Havana, alisoma mbele ya wenzake maandishi yaliyosema kwamba homa ya manjano huchukuliwa na mbu wa namna moja tu, anayezaa katika maji safi ya mitungi, mapipa na visima vya uani. Nyumba za mji wa kale zilikuwa na visima hivyo vya kuwekea maji ya mvua. Mbu mwenyewe asili yake ni Afrika. Alivuka bahari katika mapipa ya merikebu za watumwa. Wakubwa wa elimu hawakumsadiki Finlay, na wengine walimcheka, kwa miaka 19. Mwaka 1900, Marekani ilipokuwa ikiitawala Kuba baada ya kuishinda Hispania, tume ya madaktari wa jeshi chini ya Walter Reed ilijaribu maneno yake, ikitumia mayai ya mbu aliyoyatoa Finlay mwenyewe. Ikaonekana kwamba ni kweli. Daktari Gorgas akaamuru kila pipa lifunikwe au litiwe mafuta, na kabla ya mwaka 1901 kwisha homa hiyo, iliyouogofya mji kwa karne nyingi, ilikuwa imetoweka Havana.

Angalia mwaka huo wa 1900, msomaji, usiupite haraka. Katika miezi ile ile ambayo Wamarekani walikuwa wakimsikiliza Mkuba mmoja, walikuwa wakiwazibia Wakuba wengine midomo.

Yakupasa kwanza umjue Benito Viñes. Huyu alikuwa padre wa shirika la Wajesuiti, mzaliwa wa Katalonia, aliyefika Havana mwaka 1870 kusimamia kituo cha kupima hali ya hewa katika shule ya Belén. Jengo lake lingaliko katika mji wa kale. Viñes hakuwa na vyombo vikubwa. Alikuwa na barometa, saa, daftari, na subira isiyo kifani. Kila siku, mara nyingi kwa siku, aliandika shinikizo la hewa, upande wa upepo, na umbo la mawingu. Akagundua kwamba yale mawingu membamba ya juu sana, yanayofanana na manyoya, hutangulia kimbunga na kueleza kilipo, hata kama bahari bado ni shwari na mbingu ya chini ni buluu. Kila kimbunga kilipokwisha alikifuata nyuma, akaangalia miti imelala upande gani, akawauliza wakulima. Tarehe 11 Septemba 1875 alitangaza kwa maandishi kwamba kimbunga chaja, na siku mbili baadaye kikaja. Hilo huhesabiwa kuwa onyo la kwanza la kisayansi la kimbunga katika visiwa hivyo. Baadaye simu za waya zilimletea habari kutoka visiwa vingine, na manahodha wa Havana wakazoea kuuliza kabla ya kung'oa nanga: Padre asemaje?

Viñes alifariki mwaka 1893, lakini wanafunzi wa kazi yake waliendelea. Mwaka 1900 Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, iliyokuwa na maofisa wake Havana, iliwaona kuwa watu wa kutia watu hofu bure. Ikapata amri ya kuzuia habari za vimbunga zilizoandikwa na Wakuba zisipelekwe kwa simu. Mwanzoni mwa Septemba tufani yenye mvua nyingi ilipita juu ya Kuba. Watu wa Belén walitazama mawingu yao wakasema kwamba kimbunga kinakua, nacho kinaingia katika Ghuba ya Meksiko, kuelekea magharibi. Wamarekani walisema kwamba kitapinda kaskazini, kifuate pwani ya Atlantiki. Tarehe 8 Septemba bahari iliufunika mji wa Galveston, katika Texas, mji wa Ghuba. Waliokufa hawakupungua 6,000, na wengine hukadiria kwamba walikuwa wengi zaidi ya hao. Hapana balaa la namna hiyo lililoua Wamarekani wengi kuliko hilo.

Usidhani kwamba onyo la Havana, lingaliruhusiwa, lingaliwaokoa wote. Twaweza kusema hili tu: palikuwa na watu waliokwisha kukaa miaka 30 wakisoma mbingu ya Septemba, na waliwekwa kimya na wageni waliokaa huko mwaka mmoja au miwili.

Bado sijakueleza habari ya njaa. Katika karne ya 19 Kuba ilikuwa na mashamba mengi ya kahawa. Vimbunga viwili vikubwa, cha Oktoba 1844 na cha Oktoba 1846, viling'oa mibuni kwa wingi na kubomoa sehemu ya Havana. Mbuni uliong'olewa wahitaji miaka kabla ya kuzaa tena, lakini muwa ulioinamishwa huchipua upya, na sukari ilikuwa na bei. Matajiri wengi waliiacha kahawa wakaongeza miwa, na miwa ikadai watumwa. Wengi wa watumwa hao walitoka Afrika ya Magharibi na Kongo. Lakini wengine walichukuliwa kutoka Msumbiji, wakazunguka rasi ya kusini ya Afrika, na huko Kuba wakaitwa Wamakua, jina ambalo wasomaji wa Tanzania ya kusini walijua vema.

Miwa huvunwa wakati wa ukavu. Tangu Desemba au Januari hadi Mei vinu vilisaga mchana na usiku, na watu wakakatwa vidole kwa usingizi. Mvua ilipoanza, vinu vilisimama. Utumwa ulipofutwa mwaka 1886, mkata miwa alipata uhuru na mshahara, lakini mshahara wa miezi minne au mitano tu. Miezi iliyosalia Wakuba waliipa jina ambalo sitaki kulipamba: wakati mfu. Mwenye duka alikopesha unga na maharage mpaka alipochoka. Kisha baba alitembea hadi Havana kutafuta kibarua, akakuta wenziwe mamia wamemtangulia. Hadi miaka ya 1950 mamia ya maelfu ya wafanya kazi wa sukari walikaa bila kazi kila mwaka katika majira hayo, na asiyeyajua hayo hawezi kuelewa kwa nini mapinduzi ya mwaka 1959 yalipokewa kwa shangwe mashambani. Huo ndio ule ule msimu wa utulivu wa vitabu vya wasafiri. Leo sukari si mfalme tena. Mwaka 2002 serikali ilifunga karibu nusu ya vinu.

Basi ukitembea Havana mwezi wa Septemba, tembea polepole. Njia ya pwani, Malecón, iliyoanza kujengwa mwaka 1901, huwa tupu mchana kwa ajili ya jua, na jioni hujaa watu walioketi juu ya ukuta wake wakipunga upepo. Utadhani bahari ile haijui kudhuru. Lakini tarehe 10 Septemba 2017 kimbunga kilichoitwa Irma kiliinua mawimbi yakauvuka ukuta huo, yakaingia katika mitaa ya katikati. Watu 10 walikufa katika nchi nzima, wengi wao Havana, na baadhi yao kwa kuangukiwa na nyumba. Hesabu hiyo yasikitisha, nayo ni ndogo kwa kimbunga cha namna ile, kwa kuwa Wakuba wamezoea kuhamishwa mapema, mtaa kwa mtaa, tangu kimbunga Flora cha Oktoba 1963 kilipoua zaidi ya watu 1,000 mashariki ya kisiwa. Novemba 2024 kimbunga kingine, Rafael, kilipita magharibi ya mji, na nchi nzima ikawa gizani.

Jambo moja mgeni hulisahau. Mji wa kale wa Havana, pamoja na ngome zake, umo tangu mwaka 1982 katika orodha ya dunia ya urithi wa kuhifadhiwa, na nyumba zake za nguzo na ua ni za kupendeza macho. Nyingi zina familia nyingi kuliko vyumba vilivyokusudiwa, na matengenezo ni haba. Mvua ya siku tatu hunyonywa na kuta kama sifongo. Halafu jua hutoka, mgeni hufurahi, hutoka kupiga picha. Na wenyeji ndipo waogopapo zaidi, kwa sababu ukuta uliolowa huanza kukauka, hupasuka, na roshani huanguka. Ukimwona mama mzee akivuka upande wa pili wa njia siku ya jua baada ya mvua, vuka pamoja naye, wala usimwulize sababu.

Ukiweza, kaa hadi katikati ya Novemba. Karibu na gati, mbele ya jumba dogo lenye nguzo lililojengwa mwaka 1828, upo mti ambao hutahitaji kuambiwa jina lake, kwa maana ni msufi, kama ile inayotupatia sufi ya mito na magodoro huku kwetu. Kwa mapokeo ya mji, misa ya kwanza ya Havana ilisomwa chini ya msufi mahali hapo mwaka 1519. Si mti ule ule. Umekufa na kupandwa tena mara kadhaa. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Novemba wenyeji hupanga mstari mrefu, wazee kwa watoto, na kila mmoja huuzunguka mara tatu kimya kimya, akinuia jambo lake moyoni, kisha hutupa sarafu mizizini. Hapo kalenda ya vimbunga huwa bado na siku 15, na wageni wa majira ya ukavu hawajafika.